Joginder, Mehta na Vijana wa Naivasha

Kila Pasaka, baada ya ibada na baada ya pilau, mjomba wangu huvuta kiti chake hadi chini ya mwembe na kuanzisha ubishi uleule: katika Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, hatatokea tena dereva mfano wa Joginder Singh. Vijana wa sasa, husema, wamefungiwa barabara, wamevalishwa nguo zisizoshika moto, wamewekewa vizimba vya vyuma ndani ya gari na madaktari kando ya njia. Nani atashindwa kuendesha namna hiyo? Nimebishana naye kwa zaidi ya miaka 30, tangu nikiwa mtoto niliyekubali kila alilosema hadi leo ambapo nakubali nusu yake tu. Nusu ninayoikataa ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike, kwa sababu naona kwamba tunapowalinganisha madereva wa enzi mbalimbali za Safari Rally tunasahau kuuliza jambo moja la msingi: katika kila enzi, usalama ulikuwa mzigo wa nani?

Nilikulia Taita, si mbali na mashamba ya mkonge ya Mwatate, na katikati ya miaka ya 1980 Safari ilikuwa ikipita kwetu. Hatukwenda kuitazama, yenyewe ilitufuata nyumbani. Tulitoka na vigoda, na mihogo ya kuchemsha, na watoto wachanga mgongoni, tukajipanga kwenye ukingo wa barabara ya udongo mwekundu tuliyoitumia siku zote kwenda kisimani na shuleni. Kabla ya gari tulisikia helikopta, kwa maana timu kubwa za viwandani zilikuwa na desturi ya kurusha helikopta mbele ya dereva ili zimwonye kwa redio kuhusu ng'ombe, malori na watu. Kisha ukaja mlio wa injini, mwembamba kwa mbali, ukinenepa kila gari lilipotokeza kwenye kona. Kisha taa, zilizowashwa mchana kweupe, ndani ya wingu la vumbi. Mjomba alinyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya kifua changu akanibana nyuma, mkono wa kulia ukiwa umeshika kofia yake isipeperuke. Gari likapita hatua nne au tano tu kutoka vidole vya miguu yetu. Siwezi kusema kwamba nililiona. Niliona vyuma vya kuzuia wanyama mbele ya rejeta, nikaona taa nne kubwa, nikaona nambari mlangoni, halafu nikawa natafuna mchanga.

Mwaka mmoja jiwe lililorushwa na gurudumu la nyuma lilimpata binamu yangu juu ya jicho la kulia. Lilikuwa jiwe dogo, lisilozidi korosho. Mama yake alimfunga leso kichwani, damu ikatokeza kwenye maua ya leso ile, na sisi wengine tukarudi barabarani kungoja gari lililofuata. Hakuna aliyemlaumu mtu. Hakukuwa na utepe, hakukuwa na mwenye filimbi, hakukuwa na yeyote aliyewahi kutuambia tusimame wapi. Binamu yangu anayo alama hiyo hadi leo na huionyesha kwa fahari, kama mtu aliyeguswa na jambo kubwa. Mimi kila nikiitazama huwaza kwamba jiwe lile lingeshuka upana wa kidole kimoja tu, tungekuwa na hadithi nyingine.

Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa yaleyale yaliyouzwa madukani, na madaraja yalipangwa kwa bei ya gari. Hakuna barabara iliyofungwa, na hali hiyo iliendelea kwa miongo kadhaa. Dereva alipewa muda wa kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine, muda ambao mara nyingi haukuwezekana, na kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa dhidi yake. Katikati ya vituo hivyo kulikuwa na nchi nzima, na nchi hiyo haikusimamisha shughuli zake kwa ajili ya mbio. Basi lilikuja kutoka upande wa pili limejaa abiria wa sikukuu. Mchungaji alivusha mbuzi wake. Masika ilinyesha, kwa kuwa Pasaka na masika ni majirani, na mto uliovukwa kwa miguu asubuhi ulikuwa umebeba mti mzima jioni.

Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika tena 7. Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na mwelekezi wake, yaani msaidizi anayekaa kando ya dereva, Paddy Cliff, wakiwa katika Peugeot 404, na mara zote mbili Joginder Singh alikuwa miongoni mwa saba waliofika. Hapa ndipo mjomba hunyanyua kidole. Na ana haki ya kukinyanyua. Joginder alizaliwa Kericho, akakulia katika kazi ya ufundi wa magari, na watu wakamwita Simba wa Kenya. Alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 katika Mitsubishi Lancer, akiwa na David Doig. Katika Safari 22 alizoingia alimaliza 19. Mimi huona kwamba hesabu hii ya mwisho ni nzito kuliko vikombe vitatu. Katika mashindano ambayo kwa kawaida yaliwameza wengi wa walioingia, kumaliza mara 19 kunamaanisha kwamba mtu alijua sauti ya kila nati, alijua ni lini gari linaomba kupumzishwa, na alijua shimo lililofunikwa na maji lina kina gani kwa kuangalia rangi ya maji hayo.

Ndiyo sababu wageni walishindwa kwa miaka mingi. Walikuja na magari mazuri na majina makubwa kutoka Ulaya, na kila mwaka kikombe kikabaki kwa mkazi wa Afrika Mashariki, iwe ni Nowicki, au Joginder, au Bert Shankland wa Tanzania aliyeshinda mwaka 1966 na 1967. Ilibidi wangoje hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda katika Ford Escort. Wengi hueleza jambo hili kuwa ni uzoefu wa njia. Mimi naliita kwa jina jingine: ujuzi wa mwenyeji ndio uliokuwa kinga yake. Alijua kwamba baada ya kanisa lile kuna watu wanaotoka ibadani. Kwamba kwenye mteremko ule ng'ombe hurudi saa kumi na moja. Kwamba dereva wa lori kutoka Mombasa, akichoka, hulala katikati ya njia na si kando. Hakuna kamati iliyomjulisha hayo. Aliyabeba kichwani.

Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, aliyabeba kwa namna ambayo hadi sasa hakuna aliyeifikia. Mwaka 1973 alimaliza sawasawa kwa alama na Harry Källström wa Sweden, na kanuni ya kutenganisha waliofungana ikampa yeye ushindi. Kisha akashinda miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na Mike Doughty katika Datsun. Ushindi mara tano, minne kati yake bila kukatika, katika barabara zisizofungwa, usiku na mchana, wakati ambapo viwanda vya Ulaya na Japani vilikuwa vimeanza kuleta pesa na mafundi wao kwa wingi. Mjomba humweka Mehta wa pili nyuma ya Joginder. Mimi humweka wa kwanza, na hilo limewahi kutufanya tusisemezane hadi Jumatatu ya Pasaka.

Lakini nitazame vizuri ninachomsifia. Namsifia kwa macho yake, kwa kumbukumbu yake, kwa kujua kupunguza mwendo pale ambapo mwenye pupa angekanyaga mafuta. Sehemu kubwa ya sifa hizo ni kazi ambazo leo hufanywa na watu wengine: wanaofunga njia tangu alfajiri, wanaosimama kila baada ya umbali fulani wakiwa na redio, wanaofukuza wanyama, wanaowasogeza watazamaji, wanaotangulia kwa gari la ukaguzi kabla ya gari la kwanza la mashindano. Dereva wa mwaka 1968 alikuwa dereva, mlinzi wa watoto, mchungaji wa muda na mtabiri wa mvua kwa wakati mmoja. Dereva wa leo ni dereva tu. Tukiwaweka wawili hao kwenye mizani moja tutakuwa tunapima mkulima na mvuvi kwa kuuliza nani ana mikono migumu zaidi.

Kuna familia moja inayoonyesha tofauti hiyo kuliko maneno yangu yote. Mwaka 2002, Safari ya mwisho kabla ya kuondolewa kwenye ubingwa wa dunia, Colin McRae alishinda kwa mara ya tatu na Harri Rovanperä wa Finland akawa wa pili katika Peugeot 206. Miaka 20 baadaye, Juni 2022, mwanawe Kalle, akiwa na umri wa miaka 21, alishinda Safari hiyohiyo katika Toyota, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliowahi kutokea. Baba alishindana kwa zaidi ya kilomita 1,000 katika njia ambazo raia walikuwa wakizitumia, na mshindi wa mwaka wake alizimaliza kwa muda usiofika saa 8. Mwana alishindana kwa kilomita zipatazo 360 katika mashamba ya watu binafsi na hifadhi za Naivasha na Elmenteita, njia zote zimefungwa, na alitumia saa 3 na dakika 40 hivi. Ukigawanya utaona jambo ambalo mjomba hakutaka kuliamini hadi nilipomwandikia hesabu kwenye karatasi: mwendo wa wastani wa mshindi wa 2002 ulizidi kilomita 120 kwa saa, na ule wa 2022 haukufika hata 100.

Sababu moja ni njia zenyewe, kwani zile za zamani zilikuwa ndefu na zimenyooka, na hizi za Naivasha ni nyembamba, zina mawe na mchanga laini unaomeza gurudumu hadi kwenye mhimili. Hata hivyo hesabu ile hunikosesha raha. Tulikuwa tukipitisha magari kwa zaidi ya kilomita 120 kwa saa katika barabara ambayo mtoto angeweza kutokea na dumu la maji, na tukaiita michezo. Helikopta ilisaidia. Kwa timu zilizoweza kuilipia, ilisaidia sana. Dereva binafsi aliyekuja na gari lake mwenyewe hakuwa na macho angani, na sisi tuliosimama chini hatukuwa na namna ya kujua ni gari lipi lililoonywa na lipi halikuonywa.

Mabadiliko hayakuanzia kwetu. Yalianzia Ulaya, na yalianza kwa damu. Magari ya Kundi B, yaliyoruhusiwa kuanzia mwaka 1982, yalifikia nguvu za farasi zinazokaribia 500 katika gari lisilofika uzito wa tani moja. Machi 1986, nchini Ureno, Ford RS200 iliyoendeshwa na Joaquim Santos ilitoka njiani ikaingia katika umati. Watu watatu walikufa na wengine zaidi ya 30 wakaumia. Watazamaji wa huko walikuwa na mchezo wa kusimama katikati ya njia na kuligusa gari likipita. Madereva wakubwa walikataa kuendelea na mashindano siku hiyo. Mei 2 mwaka huohuo, huko Corsica, Lancia ya Henri Toivonen iliacha njia ikatumbukia bondeni na kuwaka. Yeye na mwelekezi wake Sergio Cresto walifia humo, na kilichosalia ni fremu ya mabomba. Tangi la mafuta lilikuwa chini ya viti vyao. Mwaka mmoja kabla, tarehe hiyohiyo, mbio hizohizo, Attilio Bettega alikuwa amekufa katika Lancia nyingine. Kundi B lilipigwa marufuku kuanzia 1987.

Nayataja haya kwa sababu magari hayohayo yalipita Mwatate. Nilipokuwa nikitafuna mchanga nikiwa na furaha ya kitoto, yaliyokuwa yakipita mbele yangu ni yale ambayo Ulaya ilikuwa inajiandaa kuyazika.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kidogokidogo, na mengi hayaonekani kwa anayetazama kutoka nje ya gari. Chukua kiti. Mwaka 1985, nchini Argentina, Ari Vatanen, aliyekuwa ameshinda Safari mwaka 1983, alipindua Peugeot yake na kiti chake kikang'oka kutoka sakafuni; alinusurika kwa shida na ikamchukua muda mrefu kupona mwili na roho. Leo kiti cha gari la mashindano kimefungwa kama sehemu ya gari lenyewe, na kina mbawa pande mbili zinazoshika kichwa. Chukua shingo. Gari likigonga kitu na kusimama ghafla, mikanda huzuia kifua, lakini kichwa chenye kofia ngumu huendelea kwenda mbele, na fuvu huweza kupasuka pale linapokutana na uti wa mgongo. Robert Hubbard, Mmarekani aliyesomea jinsi mwili unavyoumia kwenye ajali, alibuni kola ngumu inayokaa mabegani na kufungwa kwenye kofia kwa mikanda miwili mifupi ili kichwa kisitupwe mbele. Mbio za langalanga za Formula 1 ziliilazimisha mwaka 2003, na mashindano ya dunia ya rally mwaka 2005. Ni kitu kidogo, kinachoingia kwenye mkoba wa shule. Dereva wa zamani akikivaa kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba hawezi kugeuza shingo.

Chukua pia mlango. Septemba 2005, huko Wales, gari la Markko Märtin liligonga mti kwa ubavu, upande wa mwelekezi, na Michael Park akafa. Sisi watazamaji tunawasahau waelekezi hadi siku kama hiyo. Majina yao huandikwa ya pili. Baadaye milango ilijazwa sponji nene maalumu ya kumeza nguvu ya mgongano, na viti vikasogezwa ndani zaidi. Na bado mchezo huu unaua: Craig Breen wa Ireland alikufa Aprili 2023 akiwa kwenye majaribio nchini Croatia.

Sasa narudi kwenye nusu ninayoikataa katika maneno ya mjomba. Yeye huamini kwamba usalama uliletwa na watu wa ofisini, watu waoga, ukawaharibu mashujaa. Ukweli ni kwamba waliouleta ni mashujaa wenyewe. Kwenye langalanga ulimwengu mzima unajua kisa cha Jackie Stewart, ambaye mwaka 1966 huko Spa, Ubelgiji, aliteleza kwenye mvua katika mzunguko wa kwanza akabanwa ndani ya gari kwa takriban dakika 25 huku petroli ikimlowesha, hadi madereva wenzake Graham Hill na Bob Bondurant walipomtoa kwa spana walizoazima kwa mtazamaji. Na gari la wagonjwa lililomchukua likapotea njia. Tangu siku hiyo alifunga spana yake mwenyewe karibu na usukani, akapigania vizuizi, madaktari na viwanja vyenye heshima kwa uhai wa mtu, na wapo waliomwita mwoga. Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu. Mwoga wa namna gani huyo?

Na kwetu Safari vivyo hivyo. Michèle Mouton wa Ufaransa, aliyemaliza wa tatu katika Safari ya 1983 katika Audi Quattro, ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wa usalama wa mashindano ya dunia ya rally kwa miaka kadhaa, mwenye mamlaka ya kuzuia njia isiendeshwe kama watazamaji wamesimama vibaya. Mwanamke aliyepita kwenye umati kama wetu kwa mwendo ule, akiona nyuso zetu kwa nukta moja na kuziacha nyuma, alijua kuliko karani yeyote kwa nini tunapaswa kusogezwa. Mehta mwenyewe, ambaye ajali mbaya jangwani Misri mwaka 1987 ilimaliza maisha yake ya mashindano, baadaye aliongoza tume ya rally ya shirikisho la magari duniani hadi alipofariki mwaka 2006. Mshindi mara tano wa barabara isiyofungwa ndiye aliyeketi mezani wakati kanuni zikiandikwa. Sijawahi kusikia kwamba alijuta kuona barabara zikifungwa.

Na hata wanaopinga hubadilika. Romain Grosjean aliwahi kupinga upinde wa titani unaokaa juu ya kichwa cha dereva wa langalanga, uliolazimishwa mwaka 2018. Novemba 29, 2020, huko Bahrain, gari lake lilipasua kizuizi kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 190 kwa saa, likakatika vipande viwili na kuwaka. Alikaa ndani ya moto kwa sekunde zisizofika 30, kisha akatoka kwa miguu yake. Upinde ule ndio uliozuia vyuma vya kizuizi visimkate kichwa, na yeye mwenyewe akausifu kutoka kitanda cha hospitali.

Kuna jambo moja ambalo kwalo namuunga mkono mjomba, ingawa yeye halisemi hivi. Usalama una bei, na bei hiyo imefunga mlango. Mikanda ya mashindano huisha muda wake hata kama haijachakaa, viti vilevile, nguo zisizoshika moto zina orodha yake, kofia zina orodha yake, na gari la daraja la juu haliwezi kununuliwa wala kutunzwa na fundi wa Kericho mwenye Volvo iliyotumika. Tangu Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ushindi umekuwa ukigombaniwa na timu za viwanda, na Wakenya wamekuwa wakishindana katika madaraja ya chini. Huko wamefanya mambo ya kujivunia: Onkar Rai alimaliza wa saba kwa jumla mwaka 2021, na mwaka 2022 Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Hata hivyo mkazi wa mwisho kushinda Safari ikiwa na hadhi ya mashindano ya dunia ni Ian Duncan mwaka 1994, na sioni dalili ya anayemfuata. Ikiwa kuna kitu cha kulilia katika enzi ya zamani, basi ni hicho. Ujasiri haujapungua, njia ya kuufikia usukani ndiyo iliyopanda bei.

Kwa hiyo nani bora? Ukimweka Kalle Rovanperä katika Peugeot 404 ya mwaka 1968, usiku, matope yamefika madirishani, sidhani angefika hata robo ya njia; hakuna kitu katika malezi yake, yeye aliyeendesha gari kwenye barafu tangu akiwa na miaka minane, kilichomfundisha kusoma rangi ya maji ya mto wa Afrika. Ukimweka Joginder katika gari la leo, ingembidi akubali kuendesha kwa masikio, akimwamini mwelekezi anayemsomea kila kona kabla hajaiona, kwa mwendo ambao kuchelewa kusikia neno moja ni kuukosa mkondo wa njia. Nadhani angejifunza. Alikuwa mtu wa kujifunza. Wala barabara haijalainika kiasi anachodhani mjomba: mwaka 2021 Thierry Neuville alikuwa akiongoza, akaamka Jumapili akiwa na akiba ya karibu dakika nzima, na shokapu moja ya nyuma ikamvunjikia kule Loldia. Sébastien Ogier ndiye aliyepokea kikombe. Nowicki angelitambua jambo hilo mara moja.

Juni 2022 nilimpeleka mjomba kwenye hifadhi ya Soysambu, kule Elmenteita, kutazama Safari. Tulikwenda pia na mtoto wa binamu yangu, yule mwenye alama juu ya jicho. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Kijana mwenye fulana ya rangi ya chungwa na filimbi alitusogeza nyuma mara mbili, hadi tukawa juu ya kilima kidogo, njia ikiwa mbali chini yetu na utepe ukitutenganisha nayo. Mjomba alinung'unika kwamba ametoka Taita kuja kutazama vumbi. Kisha ikaja ile sauti, nyembamba kwa mbali, na watu wote wakanyamaza. Gari lilipotokeza kwenye kona, likiwa limelala ubavu na kuvuta nyuma yake wingu jeupe la Bonde la Ufa, niliona mkono wa kushoto wa mjomba umenyooka mbele ya kifua cha mtoto na kumbana nyuma, ingawa hakukuwa na kitu ambacho kingeweza kumfikia pale. Aliuacha hapo hadi vumbi lilipotua. Halafu akanigeukia, akaniuliza kama huyo aliyepita ndiye mwana wa Rovanperä.